Pampu imepona, nyumba imenuna

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha kusaga sembe hapa Mbeya. Nina miaka 41, nina mke na watoto watatu, tunakaa Uyole. Naandika nikiwa nimenuna, nisikufiche, na hata sasa sijui kama nitaituma barua hii.

Kisa ni pampu ya maji. Nyuma ya nyumba tuna kisima cha pete za zege, kina chake mita tisa, na juu ya mfuniko niliweka pampu ndogo ya umeme, nikaifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Mwezi wa kumi mwaka jana ikaanza kuunguruma bila kutoa maji. Mama watoto aliwahi kuniambia kwamba kila asubuhi inataka ijazwe maji kwanza ndiyo ivute, lakini mwanamke akikwambia habari za mashine unaitikia tu huku kichwa kiko kwingine. Jumamosi nikaifungua, nikaiingiza sebuleni kwa sababu ya vumbi, nikaifumua yote mezani. Impela, lile gurudumu la kusukuma maji, nzima, beringi nzima. Wakati wa kurudisha, sili inayozuia maji yasivuje ikapasuka. Nikaenda Sido, nikaenda Mwanjelwa, nikaambiwa njoo wiki ijayo. Wiki ijayo nikawa shifti ya usiku. Kwa ufupi pampu ilikaa mezani wiki tatu, watoto wanachota kwa jirani kwa ndoo.

Kisha nikatumwa Tunduma siku nne kufunga mashine. Kila jioni nilipiga simu nyumbani, kila jioni naambiwa hawajambo, wamekula, wamelala. Nimerudi, nanawa mikono, maji yanatoka. Natazama mezani: kitambaa cha maua na chupa ya chai. Mama watoto akasema neno moja tu, "Imetengenezwa."

Alimwita kijana mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya, mtoto mdogo kabisa, hajafika hata miaka 25. Nimehojiana na jirani mpaka nikajua yote. Kijana hakuigusa pampu alipofika. Alimuuliza mke wangu tatizo lilianza lini na lilianzaje. Akafunga jiwe kwenye uzi, akalitumbukiza kisimani, akapima. Akatoa bomba, akabadilisha futivalvu ya chini, akafunga sili mpya aliyokuja nayo begini, akaishusha pampu pete mbili chini, ikakaa juu ya mbao. Saa sita mchana alikuwa ameshaondoka na elfu arobaini na tano zake.

Shangazi, mimi nikiwa kiwandani naijua beringi mbovu kabla haijaharibika. Nachukua bisibisi ndefu, ncha naiweka kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni, nafumba macho. Nasikia kokoto zinasagana ndani wakati wenzangu wanasikia kelele tu. Mkurugenzi mwenyewe anasema, "Mwiteni fulani." Halafu nyumbani kwangu anaitwa mtoto wa Soweto, kwa siri!

Nilipouliza, ndipo ugomvi ulipoanza. Akasema, "Kitu kikiingia mikononi mwako hakitoki." Akaanza kuhesabu: redio ya marehemu baba yake, mwaka wa pili huu, pasi, baiskeli, mlango wa jikoni ambao kitasa nilikitoa nikirekebishe, tunaufungua kwa bisibisi iliyoning'inia kwenye msumari. Akaleta na habari za sanduku. Yeye ana kibanda cha vitenge Mwanjelwa, anashirikiana na mwenzake, na mwaka jana alilalamika kwamba mauzo ya jioni hayalingani na vitenge vilivyotoka. Sikukaa kimya. Kesho yake nilimletea sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja wake, mwingine wa mwenzake. Kazi safi, nimelehemu mwenyewe. Leo sanduku liko jikoni, anawekea vitunguu.

Yapo na mengine, niyataje kabisa. Nimetengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga, ya mbao, yenye balbu na feni ya kompyuta ya zamani. Awamu ya kwanza mayai 60, vifaranga 11. Nikabadilisha balbu, nikaongeza matundu ya hewa, nikabadilisha trei: 23. Nikabadilisha tena balbu na mahali pa feni, nikanunua mayai kwa mtu mwingine, mwezi wa saba: 9. Mama watoto anaiita jeneza.

Kijana wetu mkubwa yuko kidato cha pili. Huyu ananiumiza. Juzi mnyororo wa baiskeli umetoka, namkuta anahangaika nao, nikamwambia leta hapa, nikamaliza dakika mbili. Yeye anasimama anatazama, baadaye anaondoka. Mimi umri wake nilishafumua redio tatu. Huyu hashiki hata spana.

Na kazini wanataka niwe msimamizi wa matengenezo. Mshahara unapanda kidogo, lakini nitashika kalamu badala ya spana. Vijana wawili waliotoka VETA wananisubiri mimi kwa kila kitu, nikiwa msimamizi nani atafanya?

Nauliza: ufundi ndio unaniharibia nyumba? Niache nyumbani niwe mtu wa kulipa tu kama wengine? Au ni mke ambaye hathamini alichonacho?

Fundi wa Uyole

*

Marahaba, baba. Kamwene, kama tunavyosalimiana huku kwetu Iringa. Nashukuru uliituma.

Nianze na deni la mama watoto, maana ni dogo na linalipika. Kumwita fundi ana haki. Maji ni ya watoto. Kuficha hakuwa na haki. Simu nne za jioni bila neno moja la pampu ni nyingi, na ukimwambia hivyo kwa sauti ya kawaida nadhani atakubali. Ila kabla hujamwambia, jibu swali hili ukiwa peke yako: kwa nini alisubiri siku za Tunduma? Ungekuwepo, yule kijana angeshika spana? Mimi naona ungempokea getini, ungemwambia karibu kijana, halafu ungemnyang'anya begi.

Sasa pampu. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaenda kwa fundi mmoja wa visima hapa Iringa, mzee anayenidai chai kila nikipita, nikamsomea bila kutaja mtu. Hakuningoja nimalize. Nilipofika pale uliposema kila asubuhi pampu inataka ijazwe maji kwanza, alisema, "Futivalvu," akaendelea kunywa chai yake.

Wewe unajua kwa nini, lakini wasomaji wengine hawajui, kwa hiyo nieleze. Chini kabisa ya bomba, ndani ya maji, kuna valvu yenye kifuniko cha mpira, ndiyo hiyo futivalvu. Pampu ikizimwa, kifuniko hicho hujifunga ili maji yaliyomo bombani yasirudi kisimani. Chembe moja ya mchanga ikikaa pale, au mpira ukichoka, maji yanavuja polepole usiku kucha, na asubuhi bomba lina hewa tupu. Pampu ya namna yako ikikuta hewa haifanyi kitu, inaunguruma tu. Ukimwagia maji, inavuta, ukilala, inasahau. Mke wako alikueleza ugonjwa wote kwa sentensi moja, na katika barua yako umeupitia mbio kama mtu anayeruka dimbwi, ukaongeza na maneno kuhusu wanawake na mashine ambayo nitayaacha hapo yalipo ili uyasome mwenyewe ukiwa umetulia.

La pili nimelipenda zaidi, kwa sababu ni la kwetu watu wa milimani. Pampu iliyo juu ya kisima haivuti maji kama tunavyosema. Inapunguza hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje, inayoyalalia maji kisimani, ndiyo inayoyasukuma yapande. Usawa wa bahari, kule Tanga au Dar es Salaam, hewa ina uzito wa kuyapandisha kama mita 10 kwa hesabu ya karatasini. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, Uyole mko juu zaidi kidogo, hewa ni nyepesi. Hesabu ileile inashuka mpaka mita nane na kitu. Toa msuguano wa bomba, toa kona na maungio, mzee wangu anasema kwa huko kwenu yeye haiamini pampu ya juu ikipita mita sita. Ni hewa hiyohiyo inayofanya maji yenu yachemke yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na maharage yamalize mkaa wa watu.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, maji ya kisima chenu yalikuwa yameshuka. Yule kijana alifunga jiwe kwenye uzi akajua yameshuka kiasi gani, akaisogeza pampu karibu na maji. Akatengeneza valvu. Hizo ndizo zilikuwa shida mbili, na zote mbili hazikuwa ndani ya pampu. Pampu uliyoifumua sebuleni ilikuwa nzima, baba. Ugonjwa wake wa kwanza wa kweli ni ile sili, na uliupata mezani kwako.

(Kwa wengine mtakaotaka kuiga: hiyo ni pampu ya umeme, zima swichi kubwa kabla ya kuigusa, na waya wake uwe juu ya maji. Pampu ya petroli usiishushe kisimani hata siku moja. Moshi wake hujaa chini na unaua mtu akiwa amesimama.)

Kinachonishangaza ni kwamba unajua kusikiliza. Ile bisibisi sikioni, macho yamefumbwa, nimeisoma nikatamani niione. Na nina hakika kiwandani huanzi kufungua nati kabla hujamuuliza opereta alisikia nini, saa ngapi, na mashine ilikuwa na mzigo au haina. Huko ukifungua isivyotakiwa, tani za mahindi zinasimama na mkurugenzi anakuja kusimama mgongoni. Nyumbani hakuna anayesimama mgongoni. Nyumbani ukisikia kitu kimelia, mkono unafika kabla ya sikio, kwa sababu kufungua ni kutamu. Nalijua hilo. Kuna raha katika nati ya kwanza kulegea.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kwenye genge la njia ya reli ya TAZARA, kipande cha kati ya Mlimba na Makambako, kile kinachopanda mlima kwa mahandaki na madaraja. Mvua za mwezi wa tatu zilikuwa adui yao. Sisi watoto tulidhani kazi ya genge ni kupiga nyundo. Siku moja alinichukua nikaona. Walifika mahali kokoto zimeondoka chini ya mataruma, reli imelala kidogo upande, kila mtu anaiona, na nyundo ziko mabegani. Hakuna aliyezishusha. Walipita. Walitembea mpaka mwisho wa kipande chao, wakakuta mtaro umezibwa na matope na kisiki, maji yote ya mlima yameacha njia yake na kupita chini ya reli. Walianza na mtaro. Kokoto walizirudisha mchana. Nilimuuliza mbona hawakuanza na pale pa kwanza, akaniambia kesho tungeanza tena palepale.

Lile sanduku la kufuli mbili ni kokoto bila mtaro. Mke wako alikwambia mauzo hayalingani na vitenge. Ulimuuliza nini? Kwa barua yako, hukuuliza kitu. Kesho yake sanduku lilikuwa tayari, na nina hakika limelehemiwa vizuri. Lakini fikiria siku alipolifikisha Mwanjelwa. Kumwekea mwenzako kufuli ni kumwambia mwizi mbele ya majirani wa kibanda. Pengine mwenzake haibi. Pengine anakopesha mashoga zake na haandiki. Pengine anaiba kweli, na mke wako analijua hilo, na alichokuwa anatafuta siku ile ni mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho ili aone mwenyewe kama anauvunja ushirika au anavumilia mpaka Krismasi vitenge viuzwe. Mimi sijui. Wewe pia hujui, na ndiyo shida yenyewe, maana unalala naye nyumba moja. Kamuulize leo. Usimwekee bisibisi sikioni. Kaa tu, na ukisikia mkono unawasha, menya viazi.

Mashine ya vifaranga usiiache. Wanaoiita jeneza watakula kuku. Ila hapo umefanya kosa ambalo hungemsamehe kijana wa VETA: umebadilisha vitu vitatu kwa mara moja, umepata 23, ukabadilisha vingine vitatu, umepata 9, na sasa hujui kipi kilikusaidia na kipi kilikuangusha. Tafuta daftari. Kila awamu badilisha kitu kimoja, vingine vikae vilevile. Andika nyuzi asubuhi na usiku; mashine yenye feni inataka 37 na nusu hivi, na isiyumbe. Andika umeme ulipokatika na ulirudi saa ngapi. Awamu yako mbaya ilikuwa mwezi wa saba, na usiku wa Uyole mwezi wa saba hata mtu mzima anatafuta mahali pa kutotoleshwa. Geuza mayai mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18, kisha yaache na uongeze unyevu mpaka ya 21.

Na kabla ya kushika balbu tena, siku ya saba ingia chumba cha giza, weka tochi nyuma ya yai moja moja. Lenye kijusi utaona mishipa myekundu kama mizizi. Lililo jeupe lote halikurutubishwa, na hilo hata mashine ya Ulaya haitalitotoa. Yahesabu. Ukikuta 30 kati ya 60 ni meupe, basi umekuwa ukilifumua sanduku lisilo na hatia wakati mwenye kosa ni jogoo. Mwenye mayai ana majike mangapi kwa jogoo mmoja? Yakizidi kumi na kitu, jogoo amechoka. Mayai yalikaa ndani siku ngapi kabla hujayanunua? Wiki ikipita, nguvu inapungua. Hayo yote unayapata kwa kuuliza, na bisibisi ikiwa mfukoni.

Redio ya marehemu mkwe wako ndiyo ya kwanza kurudi, wiki hii. Ikiwa huwezi, ipeleke kwa fundi redio, mlipe, uje nayo. Kitasa cha mlango siku hiyohiyo. Bisibisi iliyoning'inia kwenye msumari ni aibu, ingawa nakiri nimecheka. Pasi, kama waya tu umekufa, badilisha; kama ni zaidi, toa kwa mtu wa spea. Huko Isimila, kilomita kama 20 kutoka hapa mjini, kuna zana za mawe walizochonga watu wa kale sana, zimelala korongoni kwa wingi mpaka wataalamu wanajiuliza kwa nini waliziacha vile. Mimi huwa nawaza kwamba palikuwa na mwanaume fulani aliyesema "nitaimalizia Jumamosi". Lakini ile ni urithi wa taifa letu. Sebule yako siyo.

Usimamizi, chukua. Utakosa nati, sawa, lakini hao vijana wawili wanaokusubiri kwa kila kitu wamefundishwa na wewe kusubiri. Mpe mmoja bisibisi ndefu, mwambie asikilize beringi nzima kila siku kwa wiki moja, halafu ndiyo umwonyeshe mbovu. Sikio lake likifunguka, nyumbani hutaitwa tena usiku wa manane.

Nimemwacha kijana wako mwisho kwa sababu ndiye aliyenifanya nijibu barua yako na kuziacha nyingine. Umeandika, "Huyu hashiki hata spana." Rudi nyuma mistari michache. Umemkuta ameinama kwenye mnyororo, mikono ina grisi, anahangaika. Alikuwa ameshika. Wewe ndiye uliyesema "leta hapa". Dakika mbili ulizojisifia, mtoto alizitumia kujifunza kwamba kazi ya kushika si yake, yake ni kusimama na kutazama. Wewe umri wake ulifumua redio tatu. Ni nani aliyekuja kukwambia leta hapa? Nina hakika redio ya kwanza haikuimba tena.

Jumamosi hii, ukitoka shifti, usilale kwanza. Geuza baiskeli, magurudumu juu, mwambie mnyororo umelegea na wewe umechoka, aukaze. Kisha kaa kwenye kigoda na kikombe cha chai mkono wa kulia, kikombe kizito, cha chuma, ili mkono uwe na kazi. Atalegeza nati mbili za gurudumu la nyuma. Atalivuta nyuma. Atakaza upande mmoja kabla ya mwingine, gurudumu litakaa upande, litaanza kugusa fremu. Utaliona kabla yake. Kunywa chai. Atalizungusha, atasikia linakwaruza, atakutazama. Wewe tazama milima. Atalegeza tena, safari hii atavuta pande zote mbili taratibu, atabonyeza mnyororo katikati kwa kidole kuona unacheza kiasi gani, au hatabonyeza, na utatoka tena barabarani akiwa mbele ya shule. Akikuuliza, mjibu kwa swali: "Unadhani unagusa wapi?" Asipouliza, usijibu. Itachukua saa nzima. Pengine nati moja itaharibika, na nati ya baiskeli hainishtui, maana umekwisha kununua balbu nyingi.

Mama watoto atakuwa anaangalia kutoka dirisha la jikoni. Usimgeukie kutafuta kama ameona.

Na kuhusu sanduku: vitunguu vikifungiwa kwenye bati bila hewa huota na kuoza. Najua hapo ulipo umeshaanza kuwaza drili na ukubwa wa matundu. Muulize kwanza kama anataka.